Tupa, chupa na sinia la mchanga

Jumatano usiku. Asmini ya jirani inanukia hadi chumbani, na mimi bado nina unga kwenye kucha. Nimejiambia niandike kabla sijalala, maana jambo la leo lilianza wiki mbili zilizopita na muda wote huo nimekuwa nalo kifuani.

Nafundisha PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, hapa Mji wa Kale, Mombasa, chumba kimoja cha chini chenye baraza inayotazama uchochoro. Watoto wangu ni 14, wa miaka minne kwenda mitano. Asubuhi wako kwangu, na wengi wao jioni wako chuoni, yaani madrasa, kwa maalim wakisoma alifu, be, te.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa tumeingia T. Sisi hatufuati mpangilio wa a, b, ch. Tunaanza na irabu zote tano, kisha m, k, t, kwa sababu ukishakuwa na hizo chache mtoto anaweza kuunda mama, kaka, taa, tia, kata, akaona kwa macho yake kwamba herufi zinasema kitu. Na desturi ya darasa ni kwamba kila herufi mpya, kila mtoto aje na kitu cha kwao kinachoanza na sauti ile. Sauti, si jina la herufi. Nyumbani wana kaka na dada waliokwisha kuwafundisha em na bi na si, kwa hiyo kazi yangu ya kwanza huwa ni kuwarudisha midomoni mwao: fumba midomo, vuma, mmmm.

Kikapu cha T kilijaa upesi. Tende, tochi, tambi mbichi, tasbihi ya babu, tui kwenye kikopo ambalo nusu yake ilimwagikia mkoba. Kisha mtoto mmoja mpole, wa kusema kwa kunong'ona, akatoa chupa ndogo ya marashi iliyokwisha.

"Hiyo ni chupa, mwanangu," nikamwambia. "Tutaiweka, siku ya CH ikifika." Nikaipandisha dirishani.

Akanitazama. "Bibi asema tupa."

Mwenzake akacheka. Yule mtoto akanigeukia, machozi yanamlenga: "Ticha, yuwaniteka!"

Nikamtuliza, nikamkemea yule mwingine, tukaendelea. Lakini siku ile hakutia kidole kwenye mchanga hata mara moja. Alikaa na mikono mapajani hadi alipokuja kuchukuliwa. Mimi nilikuwa nimeomba kitu kinachoanza na sauti t, naye akasikiliza nyumba yao yote, akachagua, akaleta. Sikio lake lilifanya kazi niliyoitaka hasa. Kwao ni tupa, kama wali unavyotokana na mtele, mtu anavyoona kwa mato, na ufuo ulivyo na mtanga. Hiki ni Kimvita, lugha ya mji huu huu. Mimi mwenyewe marehemu bibi yangu alisema vivyo hivyo, na bado mdomo wangu ulikimbilia kitabu.

Nimeifikiria sana ile mbio. Tunajua ilikotoka: mwaka 1928, hapa hapa Mombasa, ulifanyika mkutano ulioamua kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja. Sina ugomvi na Kiswahili sanifu, ndicho ninachoandikia hapa, na ndicho watoto hawa watakachofanyia mitihani. Lakini mtoto wa miaka minne hajui habari za mkutano. Anajua bibi yake. Akiambiwa siku ya kwanza kwamba neno la bibi si neno, atakachojifunza kuhusu herufi ni kwamba ni mali ya watu wengine.

Chati za dukani zina kosa la namna hiyo hiyo, ila kutoka mbali zaidi. Ile niliyoikuta ukutani nilipoanza kazi ina picha ya tofaa jekundu la kizungu kwenye A. Mwezi wa kwanza niliwauliza hii ni nini, wakajibu kwa sauti moja: "Epo!" Inaanza na sauti gani? "E!" Walikuwa sahihi kabisa, na chati ikawa inawaambia wamekosea. Nimeiondoa. Ina Q na X pia, ambazo Kiswahili hakizihitaji, na C iko peke yake bila H.

Ngoja niseme habari ya mchanga, maana kina mama huniuliza. Nilichukua sinia la bati, nikalipaka ndani rangi nyeusi, likakauka siku mbili. Mchanga ni ule mweupe wa ufuoni, nikauchekecha kutoa vipande vya kombe, nikauosha chumvi, nikauanika. Unatandazwa mwembamba. Ukiwa mzito kidole kinazama na herufi haionekani. Ukiwa mwembamba mtoto akipitisha kidole weusi unachomoza, kama taa imewashwa chini. Anasema sauti huku anachora. Akikosea anatikisa sinia, na hakuna alama ya kosa inayobaki. Nadhani hapo ndipo penye siri. Ukurasa uliofutwafutwa unamkumbusha mtoto kosa lake kila akiufungua, lakini mchanga haumbakishii chochote.

Upande wa kushoto wa kila sinia nimegundisha kauri moja. Chuoni mkono unaanzia kulia, kwangu unaanzia kushoto, na mtoto mdogo anabeba njia zote mbili ndani ya siku moja. Sitaki aione njia ya chuoni kuwa kikwazo. Nataka tu awe na mahali pa kushika: hapa kwa mwalimu, tunaondokea kwenye kauri.

Herufi za msasa nilizisoma chuo cha ualimu, katika habari za Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto huko Roma mwaka 1907. Watoto walipapasa herufi za msasa kwa vidole viwili huku wakitamka sauti, kabla hawajapewa kazi ya kuandika. Zangu nazikata kwenye karatasi ya msasa iliyochakaa, naletewa na seremala wa mtaa wa pili. Iliyo mpya huwakwaruza. Watoto wanapenda kufumba macho na kukisia ni ipi. S huwa wanaitambua upesi kuliko zote, "inakwenda kama nyoka", lakini wakiichora wenyewe wanaigeuza. Siwasahihishi sana. Kwa umri huu ni kawaida.

Unga ni rahisi: vikombe viwili vya ngano, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji, mafuta kidogo, manjano ya kutia rangi. Chumvi inaufanya usiharibike upesi, na atakayeonja haonji tena. Watoto wa hapa hawahitaji kufundishwa kukanda, wamekua miguuni pa watu wanaosukuma mahamri na chapati. Wanaviringisha kama tambi nene, kisha wanakunja herufi.

Kuna mama aliniuliza muhula uliopita, kwa adabu lakini kwa wasiwasi, "Mwalimu, mbona daftari la mwanangu jeupe?" Nilimwonyesha mkono wa mwanawe. Mifupa midogo ya kifundo cha mkono haijakomaa yote katika umri huu, na vidole vitatu vinavyoshika kalamu vinahitaji kupata nguvu kwanza. Nguvu hiyo inatoka kwenye kutunga asmini kwenye uzi, kumenya ukwaju, kuambua kunde. Nikamwomba amwachie mtoto atunge asmini za Alhamisi jioni. Akaniambia, "Hizo hutunga kila wiki, sikujua ni masomo."

Na kanga! Sijui kwa nini ilinichukua miaka kuona. Watoto hawa wamebebwa ndani ya maandishi, wamelala juu yake, wamefutwa pua nayo. Nilileta kanga yangu kuukuu, nikaitandaza sakafuni, tukalitafuta jina lake pale chini, tukaweka punje ya kunde juu ya kila M. Jina la kanga huandikwa kwa herufi kubwa, kwa hiyo ndiyo siku tulipozungumza kwamba M ina umbo la kwenda harusini na umbo la nyumbani. Kesho yake watoto watatu walikuja wakiniambia kanga za mama zao zina M ngapi.

Basi, leo ilikuwa CH. Wiki hizi mbili nilikuwa nimeiacha ile chupa dirishani ili nisisahau. Jana bibi ya yule mtoto alipokuja kumchukua, nilimkaribisha barazani, nikamweleza yote, na kosa langu nikalitaja. Hakukasirika. Alicheka, au aliteka, kama asemavyo yeye. "Mwanangu, hata sisi tulivyoingia skuli tuliambiwa hivyo." Nikamwomba aje asubuhi.

Alikuja na uteo na kibaba cha mchele. Aliketi chini, watoto wakamzunguka, wakachambua naye, wakitoa vijiwe kwa ncha za vidole. Kisha akausawazisha ule mchele na kwa kidole akachora mstari mmoja uliosimama. "Hii nini?" "Alifu!" wakapiga kelele, na mmoja upande wa pili akasema, "Si alifu, ni l!" Akawaambia wote wamesema kweli, inategemea unakwenda wapi.

Nikaweka vikapu viwili, cha T na cha CH, na chupa ya marashi katikati. Bibi anasemaje? "Tupa." Kitabu kinasemaje? "Chupa." Tukashika koo na midomo, tukasikiliza: t, ulimi unagusa na kuachia, ch, ulimi unaachia na pumzi inakwaruza. Tukaenda na mtele na mchele, mtanga na mchanga. Ikawa mchezo. Wale ambao kwao wanasema ch walitaka kusema kwa t, na wa t wakasema ch kwa madaha kama watangazaji wa redio.

Wakati wenzake wanaendelea, yule mtoto alilivuta sinia lake karibu na goti la bibi yake. Akaanzia kwenye kauri, akachora mstari chini, akakata juu. Akaitazama muda. Akatikisa. Akachora tena. Sikusema neno. Alichora kama mara nane hivi, kisha akaniita kwa sauti ambayo hata wa uchochoroni wangeisikia.

Kabla ya kwenda nyumbani tuliijaza ile chupa mchanga kwa faneli ya karatasi. Niliibandika vikaratasi viwili, upande huu *tupa*, upande huu *chupa*, yule mtoto akairudisha dirishani mwenyewe. Akaiweka upande wa *tupa* ukitazama ndani.

Kesho tunaingia D. Nimeshaonywa kwamba kuna dafu linakuja, na kwamba ni zito, nitafute mtu wa kulibeba.