Antonio Casas: kutoka kiwanjani hadi mezani kwa Stevens

Antonio Casas, mzaliwa wa A Coruña (1911), alicheza mpira Atlético Madrid kabla ya kuigiza filamu zaidi ya 100. Alifariki 1982. Wengi wetu tumemuona bila kumjua: ndiye Stevens katika The Good, the Bad and the Ugly ya 1966. Lee Van Cleef, muuaji wa kukodiwa, anaingia nyumbani kwa Stevens, anakaa, anajipakulia na kula. Muda mrefu hakuna anayesema neno. Casas anaubeba woga wote kwa macho tu. Kwangu, hapo ndipo penye kazi hasa.

Vijana wa viwanja vya mpira vya Mao, Zanzibar, wanaotaka kuigiza walitazame onyesho hilo mara tatu, sauti ikiwa imezimwa. Mchezaji mpira amezoea kukimbilia nafasi. Mbele ya kamera nafasi imeshawekwa, ni utepe sakafuni. Ukiupita hata hatua moja, uso unaingia ukungu. Usiutafute kwa macho. Simama juu yake, rudi kinyumenyume ukihesabu hatua, kisha uje kwa hesabu ileile.

Onyesho la kula ndilo linaloumbua. Kumbuka mkono gani ulishika tonge, na kwa neno gani. Tonge liwe dogo, maana utarudia mara kumi na shibe huonekana usoni.

Na mkipiga picha ufukweni, tizameni maji kwanza. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, pwani hubadilika kabisa ndani ya saa sita, na vipande vya asubuhi havitaungana na vya mchana.