Kapandeni Bustani, Mkale Matunda Yake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu wiki hii liko Yeremia 29:5: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Nimelichagua kwa sababu tuko mwishoni mwa Agosti, na kwa sisi tunaolima hapa Birmingham hizi ndizo wiki ambazo shamba halikubali udhuru.

Kwa ndugu mnaosoma mkiwa Tanzania na Kenya, nieleze kidogo. Hapa Uingereza halmashauri za miji hukodisha viwanja vya bustani kwa wakazi. Sheria ya 1908 ilizipa halmashauri wajibu wa kutenga ardhi hiyo pale wananchi wanapoihitaji, na hadi leo mtu huandikisha jina, akangoja zamu yake, kisha akalipa kodi ya mwaka. Kiwanja kizima ni kama mita za mraba 250, na wengi tunachukua nusu yake. Hapalali mtu pale. Kuna kibanda cha zana, pipa la kukinga maji ya mvua, lundo la mboji, na majirani pande zote. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ilihimiza kila familia ilime chakula chake, na viwanja hivi vikazidi milioni 1. Sheria nyingine, ya 1922, inaeleza kwamba bustani ya namna hii hulimwa hasa ili kupata mboga na matunda ya kuliwa na mlimaji mwenyewe na familia yake. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama hapo, kwa sababu ni karibu maneno yale yale ya nabii.

Sasa tazameni Agosti ilivyo. Sisi tuliokulia karibu na ikweta, jua letu lilikuwa likizama mnamo saa kumi na mbili jioni, Januari na Julai ni mamoja. Huku sivyo. Mwezi Juni mtu anatoka kazini, anapitia shambani, na hadi saa tatu na nusu usiku bado anaona magugu vizuri. Mwisho wa Agosti, saa mbili usiku jua limeshazama. Kila wiki mwanga unapungua, na mimea inajua. Nyanya zilizo juu kabisa kwenye shina bado ni za kijani, kwa hiyo tunakata kilele cha mmea ili nguvu iliyobaki ishuke kwenye matunda yaliyokwisha kufungwa. Vitunguu vimelaza majani yenyewe, tunaving'oa na kuvianika. Mahindi matamu tunayakagua moja moja: nywele zikishakauka na kuwa kahawia, unafungua ganda kidogo na kubonyeza punje kwa ukucha. Ikitoa maji meupe ya maziwa, hindi liko tayari, na linataka kuliwa siku hiyo hiyo, maana utamu wake huanza kugeuka wanga mara tu linapovunjwa. (Wale mnaoulizia mahindi ya kuchoma, hayo si haya. Haya ni laini mno kwa jiko la mkaa la kwetu.)

Lakini mmea unaonifundisha zaidi msimu huu ni maharage ya kutambaa, yale yenye maua mekundu ambayo Waingereza huyapandisha kwenye fito ndefu kupita kimo cha mtu. Maharage haya huliwa maganda yake yakiwa machanga. Yanajificha nyuma ya majani. Unapita safu nzima ukidhani umemaliza, ukirudi kutokea upande wa pili unakuta mengine yananing'inia mbele ya macho yako. Na yana tabia moja: ukiyachuma kila siku mbili tatu, mmea unaendelea kutoa maua. Ukiyaacha, maganda yanakuwa na nyuzi, mbegu ndani zinakomaa, na mmea ukishapata mbegu zake unaacha kuzaa. Yaani mtu aliyefanya kazi yote, akapalilia, akamwagilia Juni nzima, akaona konokono na kupambana nao, anaweza kupoteza mavuno kwa sababu tu hakuja kula.

Turudi sasa kwa Yeremia. Barua hii aliiandikia watu waliohamishwa kwenda Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mnamo mwaka 597 kabla ya Kristo. Walikuwamo wakuu wa Yuda, mafundi na wafua chuma, watu wenye ujuzi, ambao nchi yao iliwahitaji. Barua ilipelekwa na Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, wajumbe wa mfalme Sedekia, aliyewekwa badala ya Yekonia, kwa Nebukadreza mfalme wa Babeli. Na haikufika mahali penye ukimya. Sura moja kabla yake, nabii Hanania alikuwa amesimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana vitarudi, na mateka watarudi. Miaka miwili! Nani angepanda mzabibu Babeli kama anaondoka baada ya miaka miwili? Ungeweka mbegu ya tango, labda. Usingechimba shimo la mtini.

Yeremia akasema miaka sabini. Kwa hiyo, wapendwa, agizo la bustani lilikuwa swali la imani: unamwamini nani kuhusu muda? Kila aliyechimba shimo na kuotesha mche alikuwa amekwisha kujibu. Ndiyo maana Shemaya Mnehelami, mmoja wa waliokuwa huko Babeli, alikasirika, akaandika barua kwenda Yerusalemu kumshtaki Yeremia kwa kuhani Sefania. Katika mashtaka yake alinukuu maneno yenyewe ya bustani, na kwa njia hiyo agizo hili limo mara mbili katika sura moja, mstari wa 5 na mstari wa 28. Adui naye alisikia vizuri lilikuwa linataka nini.

Sisi tunaupenda mstari wa 11. Umetundikwa sebuleni kwenye nyumba zetu nyingi: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Ni neno la kweli na limetubeba. Lakini ahadi hiyo walipewa watu waliokwisha kuambiwa wapande na wale. Na mimi naona kwamba katika kundi letu kupanda tunakuweza sana. Tunachoshindwa ni kula.

Nawaandikia kwa upendo, maana nazifahamu nyumba zetu. Kuna dada anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, asubuhi anakula mkate akiwa amesimama, analala, anaondoka tena. Nyumbani Kibaha amejenga nyumba ya vyumba vinne na vigae vimeshawekwa, na hajawahi kulala ndani yake. Huku anapokaa, vikombe vizuri viko ndani ya boksi, maana ni vya kusafirisha. Kuna kaka ambaye kila ukimwalika mahali anasema, "Nikirudi nyumbani ndipo nitapumzika." Kupeleka ada za wadogo zetu na dawa za wazazi ni upendo, ni kutii amri ya tano, na Mungu anaona kila shilingi. Simwambii mtu aache. Lakini Bwana hakuwaambia mateka wajenge tu. Aliwaambia wakae ndani yake. Hakuwaambia wapande tu. Aliwaambia wale.

Na si hapo peke yake. Katika Kumbukumbu la Torati 20, jeshi linapojiandaa kwa vita, maakida wanatakiwa kuuliza kama yupo mtu aliyepanda shamba la mizabibu na hajaanza kula matunda yake. Mtu huyo arudi nyumbani, asije akafa vitani na mwingine akayala. Hebu lifikirie hilo. Adui yuko mbele, jeshi linahitaji kila mkono, na Mungu anamtoa mwanajeshi kwenye mstari ili akaonje zabibu zake. Kwake, mtu kufa bila kuonja kazi ya mikono yake ni jambo zito kiasi cha kuandikiwa sheria.

Mama yangu hajui neno moja la Kiebrania wala la Kiingereza, ila theolojia hii anayo. Nikimpigia simu naanza, "Shikamoo mama," naye, "Marahaba mwanangu. Umekula?" Kabla ya habari za kazi, kabla ya habari za hela. Nikimjibu nimekula, anauliza nimekula nini. Siku hizi namwambia mchicha wa shambani kwangu, niliounga kwa nazi ya kopo, na ninasikia sauti yake inatulia.

Mchicha huo una habari yake. Jirani yangu wa kushoto ni mzee kutoka Jamaika. Niliona majani nikayatambua kabla sijamsalimia. Kwao wanauita kalalu, na yeye amekuwa akiuotesha huku tangu ujanani, akihifadhi mbegu mwaka hadi mwaka. Alinipa mbegu kwenye bahasha ya barua. Mchicha haupendi baridi, umande wa kwanza ulioganda unaumaliza, kwa hiyo wiki hizi tunauchuma kwa bidii, tukiacha mashina machache yatoe mbegu. Upande wa kulia kuna bibi Mwingereza ambaye Agosti hii ana zukini kuliko anavyoweza kula. Zukini ukiisahau chini ya majani kwa siku chache unakuta imeshakuwa boga. Anaziweka langoni kwenye boksi ili anayepita achukue. Mimi nampelekea sukuma wiki. Aliniuliza inapikwaje, nikamweleza vitunguu na nyanya, na wiki iliyofuata akaniambia ameipika na wajukuu wameila yote.

Hapo ndipo mstari wa 7 unapoingia: "Kautakieni amani mji ule... mkauombee kwa Bwana. Kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani." Mtu asiyekula matunda ya bustani yake hana la kumgawia jirani. Na amani ya mji si maneno ya jumla tu, shambani unaiona kwa macho. Mwezi huu, mvua na joto vikikutana, huja bakajani chelewa, ugonjwa ule ule ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia 1845, njaa ikaua watu wapatao milioni moja. Huanza na doa la kahawia kwenye jani la kiazi au nyanya, na ukungu mweupe chini yake, na baada ya siku chache kiwanja kizima kinanuka uozo. Vimelea vyake vinapeperushwa na upepo. Havisomi namba ya kiwanja. Mtu akiuona kwenye mimea yake akanyamaza, akaiacha imesimama, kesho uko kwangu na kesho kutwa uko kwa bibi. Ukimwona jirani anang'oa nyanya zake zilizougua na kuziondoa mapema, ujue anang'oa pia kwa ajili yako. Kwa hiyo nikiombea mji huu sisemi tu "Bwana ubariki Birmingham." Naomba kwa majina: mzee wa kushoto, bibi wa kulia, kijana wa Kisomali mwenye kiwanja cha pembeni ambaye mke wake amejifungua.

Najua wapo mnaosoma hili na hamna kiwanja, na wengine jina lenu liko kwenye orodha ya kungojea tangu muda mrefu. Ndoo dirishani inaotesha mchicha. Na bustani ya Yeremia ni pana kuliko udongo. Watoto wako wanaokua hapa ni matunda, keti nao mezani wakiwa bado wanataka kuongea. Ndoa yako ni matunda. Ibada ya Jumapili, hata ukumbi ukiwa wa kukodi na kinanda kikigoma, nayo ni chakula cha leo, wala si kitu cha kukungojea Dar es Salaam. Toeni vile vikombe kwenye boksi. Wiki hii hii. Nyweeni chai na mtu.

Wala hakuna anayetuambia tusahau. Zaburi ya 137 imo katika Biblia ile ile: "Kando ya mito ya Babeli ndiko tulikoketi, tukalia tulipoikumbuka Sayuni." Walilia, na asubuhi wakamwagilia. Mungu aliwarudisha kweli, kwa wakati alioutaja yeye. Waliorudi wengi wao walikuwa wamezaliwa huko huko Babeli, na walikua wakila matunda ya bustani zile.

Jumamosi hii nitakuwa shambani kuanzia saa nne asubuhi. Maharage ni mengi na mikono ni michache. Njoo na mfuko, na kama una watoto waje, watafute yaliyojificha nyuma ya majani, wao wanayaona haraka kuliko sisi. Asiyeweza kuja kwa sababu ya zamu aniandikie, nitamwachia fungu lake kwa mhudumu wa kanisa.

Tuombe. Baba, asante kwa mvua ya juzi na kwa jua lililobaki. Tunakushukuru kwa mbegu tulizopewa na watu tusiowajua jana. Wakumbuke wanaofanya kazi usiku wa leo, wape nafasi ya kuketi na kula. Linda mashamba ya wazazi wetu huko nyumbani. Upe mji huu amani, mtaa kwa mtaa, na nyanya zilizo kijani bado, Bwana, ukipenda, zipe wiki mbili za joto. Katika jina la Yesu, Amina.