Sindano ya homa ya ini, na sista niliyemchosha kwa maswali

Leo nimeanza chanjo ya homa ya ini B, bega linauma kidogo hivi lakini niko fresh. Nimerudi kusoma ukubwani, mambo ya maabara, na tukienda fild tutashika damu za watu kila siku, kwa hiyo hapo hakuna mjadala.

Walianza kutupima damu, na foleni nzima ikaanza kunung'unika eti si watuchome tu tuondoke. Jamani, kama kirusi kishaingia chanjo haikitoi, utatoa hela yako, utajiona una kinga, kumbe ini linaliwa taratibu na mwenza wako unamuambukiza. Mimi hiyo ndo naona ya muhimu kuliko zote.

Majibu yakaja negative, nikakaa kwenye kiti na maswali yangu. Nikaomba kuona kichupa, tarehe ya kuisha, na bomba la sindano likafunguliwa mbele yangu. Nikauliza pia friji yao, maana hii dawa inakaa nyuzi 2 mpaka 8 na ikiganda ndo imeharibika hata ukiiyeyusha. Sista akacheka, "wewe dada mkaguzi nini?" ila akanionyesha kipimajoto. Naye akaniuliza kama nina homa, kama nina aleji ya hamira (ndio, hamira hii hii ya maandazi, chanjo inatengenezwa kwa hamira, ndani kuna kipande tu cha ganda la kirusi so haiwezi kukupa ugonjwa). Akachoma begani. Kalio hapana, mafuta ya pale yanafanya kinga isijengeke vizuri.

Halafu ukae kama dakika 15 usikimbilie daladala. Aleji kali ni nadra sana lakini ikija inakuja fasta, na wengine huzimia kwa woga tu, kuna kaka mmoja kifua hiki hapa aliloa jasho kabla hata hajaguswa.

Kingine sikukijua kabisa, ukipima tena ndani ya siku 18 hivi baada ya kuchanjwa kipimo kinaweza kusoma positive kwa sababu ya chanjo yenyewe, so kuchangia damu nasubiri kwanza.

Ya pili mwezi ujao, ya tatu miezi sita toka leo, nishaweka alam kwenye simu. Mama kaona kadi naye anataka, chanjo hii watoto wa Tanzania wameanza kupewa 2002 yeye wala haikumkuta. Nimemwambia sawa mama, ila Jumatatu tunaanza na kipimo.