Majokofu Mawili: Jumanne Moja Maishani Mwangu

Saa kumi na nusu alfajiri huamshwa na mwanangu mdogo kabla simu haijalia. Ana miezi minane na nusu, na saa hiyo hunyonya kwa pupa kama msafiri anayejua kuwa mbele hakuna kituo. Anaponyonya upande mmoja, upande wa pili nakamua kwa mkono katika kikombe nilichokichemsha usiku. Leo maziwa yamefika kama mililita 120, nikayagawa katika vyombo viwili vyenye vifuniko, nikaandika saa ya kukamua kwenye kipande cha plasta, kisha nikayaweka ndani ya friji, nyuma kabisa, kwa sababu pale mlangoni joto hupanda kila mtu anapofungua kutafuta maji ya baridi.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto katika kituo cha afya jijini Dar es Salaam, na tunaishi Gongo la Mboto. Baba watoto ni dereva wa malori ya masafa marefu, na juma hili yuko Tunduma akisubiri zamu yake ya kuvuka kwenda Zambia. Nyumbani tumebaki wanne: mimi, kifungua mimba wangu wa miaka mitano, mdogo wake, na dada anayetusaidia kazi, binti wa Singida ambaye asingekuwapo, mimi nisingekuwa kazini.

Saa kumi na mbili kasorobo kifungua mimba anakaa kitandani na soksi moja mguuni, ya pili haijulikani ilipo, naye hana haraka yoyote.

“Mama, wale watoto wa kliniki ukiwachoma sindano wanalia?”

“Wanalia kidogo, halafu wananyamaza.”

“Mimi ningekuwa mama yao nisingewaleta kwako.”

Soksi imepatikana ndani ya begi la shule. Wakati huo dada anakoroga uji wa mdogo, unga wa mahindi wenye siagi ya karanga inayotiwa mwishoni, mzito wa kukaa kwenye kijiko bila kumwagika. Ule unga unaouzwa kwa sifa ya nafaka saba, pamoja na karanga na soya humo humo, mimi siutumii. Karanga huharibika upesi zikisagwa pamoja na nafaka na kuwekwa, na mtoto akidhurika huwezi kujua ni kipi kati ya vyote hivyo kilichomdhuru. Kabla ya kutoka narudia maagizo ambayo dada ameshayakariri: maziwa yapashwe kwa kuweka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, yasichemshwe, mtoto anyweshwe kwa kikombe, na atakayoyabakiza yamwagwe. “Nimeelewa, mama,” ananijibu kwa upole wa mtu aliyeelewa tangu mwezi wa tatu.

Kuhusu daladala sina la kueleza zaidi ya kwamba nimesimama kutoka Gongo la Mboto hadi Tazara, huku nimekumbatia kifuani kikasha changu cha kutunzia ubaridi, na konda akisisitiza kuwa huko nyuma kuna nafasi.

Saa moja na nusu nafungua kliniki, na kazi ya kwanza ni kusoma kipimajoto cha jokofu la chanjo. Joto linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 2 na 8, tunalisoma asubuhi na jioni na kuliandika kwenye chati iliyobandikwa mlangoni, kwa kuwa chanjo ya surua huharibiwa na joto, na ile ya kinga tano, ya magonjwa matano kwa pamoja, huharibika ikiganda. Kisha yanafuata mazungumzo ya elimu ya afya kabla ya kupima uzito, na leo zamu ilikuwa yangu. Niliwaeleza kina mama walioketi kwenye mabenchi kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aanzishiwe chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Mama mmoja wa nyuma akanyanyua mkono: “Nesi, na sisi tunaouza duka la mtu Kariakoo tunafanyaje?” Nilimfundisha kukamua na kutunza, nikamwambia pia kuwa sheria iko upande wake. Hakuonekana kuridhika sana, wala simlaumu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo inamtaka mwajiri amruhusu anyonyeshe ndani ya saa za kazi kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Nadhani aliyeiandika alimfikiria mtoto aliye jirani, kwa sababu mimi katika saa 2 hizo ningefika nyumbani, ningempakata mtoto, na muda ungekuwa umekwisha. Kwa hiyo nimeomba kuziunganisha mwisho wa siku, nitoke saa saba na nusu badala ya saa tisa na nusu. Nimekubaliwa, ingawa kila ninapobeba mkoba huwa najihisi kama mtoro, maana foleni ninayomwachia mwenzangu naiona kwa macho yangu.

Saa nne na robo, watoto wa kupimwa walipopungua, niliingia stoo ya mashuka, nikageuza kiti kielekee ukutani, nikakamua kwa dakika ishirini. Hatua chache kutoka hapo lipo jokofu zuri kuliko langu, lenye kipimajoto na chati, na siruhusiwi kuweka humo hata chupa ya maji, kwa kuwa jokofu la chanjo ni la chanjo peke yake na kila linapofunguliwa bila sababu linapoteza ubaridi. Wapo wenzangu waliowahi kunishawishi nifiche humo chombo kimoja tu. Sikuficha, kwa sababu nawajua watoto wanaozitegemea zile chupa. Maziwa yangu yanalala kwenye kikasha, katikati ya vipande viwili vya barafu nilivyovigandisha nyumbani.

Saa tano na nusu alikuja mama mmoja mwenye beseni la mchicha, akiwa amembeba mgongoni mtoto wa miezi kumi ambaye hakuchanjwa surua-rubela mwezi uliopita kwa sababu alikuwa na homa kali. Chupa yetu ina dozi 10, na ikishachanganywa na maji yake inatakiwa itumike ndani ya saa 6, inayobaki humwagwa. Mtoto wa kuchanjwa surua saa hiyo alikuwa huyo mmoja, na ni rahisi mno kumwambia mama arudi Alhamisi wenzake watakapokuwa wengi. Lakini mchicha haungoji Alhamisi, na mama aliyerudishwa mara moja mara nyingi harudi. Nikafungua chupa. Kabla sijaondoka walitokea wengine watatu, na mwenzangu nikamwachia dozi sita. Wangu atatimiza miezi tisa baada ya majuma mawili, nami nitamleta hapa hapa, ila sindano atamchoma mwenzangu kama alivyomchoma zote zilizopita, kwa maana mkono wangu kwa mwanangu hauna ujasiri huo.

Nilifika nyumbani saa tisa kasoro dakika kumi. Mdogo aliisikia sauti yangu mlangoni, akatupa kijiko, na tulikaa sakafuni muda mrefu bila mimi hata kuvua sare. Mchana ulikwenda kwa kufua, daftari la a-e-i-o-u, wali kwa dagaa na mchicha. Baba watoto alipiga simu saa mbili usiku kusema foleni imesogea malori machache, na kifungua mimba akamjulisha kuwa soksi zake nyingine zimepotea.

Saa nne usiku, watoto wamelala, nyumba ikawa giza na friji likanyamaza. Uniti za LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, zilikuwa zimekwisha, kosa langu mwenyewe, nilikuwa nimeliona onyo asubuhi nikalisahau. Humo ndani mlikuwa na maziwa ya stoo ya mashuka na barafu ya kesho. Nikanunua umeme kwa simu, mdogo akaamka, nikamweka titini, na kwa mkono uliobaki nikaanza kubonyeza kwenye mita tarakimu 20 za umeme huo kwa mwanga wa kioo cha simu. Mara ya kwanza nilikosea katikati. Mara ya pili taa ikawaka, friji likaanza kunguruma, nami sikulifungua kutazama.