Simama nje

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii sina somo nililoliandaa. Nina ujumbe ulioingia kwenye simu yangu Jumatatu usiku nikichagua mchele, na tangu hapo usingizi umekuwa wa kubahatisha. Ulitoka namba nisiyoijua. Ulisema fulani ametoroka na pesa za kampuni, nimwambie alipe leo hii kabla hawajamtangaza. Chini yake picha: ameshika kitambulisho cha taifa karibu na kidevu, macho yamemvimba kama mtu aliyeamshwa. Ni mwenzetu wa sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama.

Nilichofanya nakiri mbele zenu. Sikumpigia. Nilichukua ujumbe ule na picha yake nikawarushia akina mama wawili wa jumuiya, nikaandika, "Tumwombee mwenzetu." Sikuomba, wapendwa. Goti halikugusa sakafu. Nilirudi kwenye mchele wangu huku jicho liko kwenye simu, nione watajibu nini.

Jumatano hakuja mazoezini. Alhamisi nikajikokota hadi kwake. Alikuwa barazani anaosha vyombo vya vitumbua, na mtoto wake wa darasa la pili pembeni, mkono umefungwa plasta gumu. Akaniangalia tu. "Kumbe hata wewe wamekutumia." Shemeji yake aliyeko Mwanza ametumiwa. Mwalimu wa mtoto ametumiwa. Mwenye nyumba naye.

Habari yenyewe ni fupi. Mtoto alianguka mwembeni, mfukoni hakuna kitu, saa mbili usiku. Akapakua programu ya mkopo, akaomba 80,000. Zikaingia 56,000, nyingine wamekata juu kwa juu, na baada ya siku saba anatakiwa kurudisha 80,000 kamili. Siku ya saba akakopa kwa wa pili amlipe wa kwanza. Sasa wako wanne. Ndiyo hii watu wanaita kausha damu, na jina limekaa mahali pake. Nikamuuliza namba zetu wamezitoa wapi. Akasema, "Dada, pale mwanzo iliuliza kitu, nikabonyeza Ruhusu. Mtoto alikuwa analia."

Usiku ule nikafungua Kumbukumbu la Torati 24, mstari wa 10 na wa 11. Nimeusoma mara ngapi bila kuuona! Ukimkopesha jirani yako, usiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Simama nje, yeye mwenyewe akuletee. Bwana hamzuii mtu kukopesha, wala hasemi deni lifutwe. Anachora mstari mlangoni. Mdaiwa ni maskini, ndani pengine hana hata kitanda, lakini kizingiti ni chake, na mwenye pesa akifika pale anasimama. Kwa nini? Kwa sababu ndani kuna mke wake, watoto wake, sufuria yake isiyo na kitu. Mungu hataki uone hivyo kwa sababu tu unamdai.

Leo nyumba ya mtu iko kwenye simu. Mle mna mama mkwe, mwalimu mkuu, mchungaji, fundi, na rafiki wa zamani ambaye hamsalimiani. Kampuni imeingia hadi chumbani, imehesabu kila jina, na rehani iliyobeba ni uso wa mtu. Nehemia sura ya 5 aliwakasirikia wakuu waliowatoza ndugu zao sehemu ya mia, akawaita, wakasimama mbele yake wakakosa la kusema. Sisi tumwite nani? Hakuna ofisi, hakuna bosi. Kuna namba tu, ukiizuia wanakuja na nyingine. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, na tume yake ipo. Mwenye kijana anayejua mambo haya amsaidie huyu mama kupeleka malalamiko.

Lakini nisijifiche nyuma ya Benki Kuu. Kampuni ile haina mgambo wala pingu. Ilichonacho ni sisi. Inajua kwamba ikitutumia picha ya mwenzetu, tutaifungua, tutaikuza tuone vizuri, tutaipeleka kwa mwingine, na Jumapili tutamtazama kwa pembe ya jicho wakati wa sadaka. Kazi ya kumdhalilisha tunaifanya sisi, bure, tena kwa jina la maombi! Mama, baba, ukipokea ujumbe kama ule, ufute. Kisha mpigie mwenyewe umuulize kama wamekula. Na wewe unayetaka kunisomea Zaburi 37:21, kwamba asiye haki hukopa wala halipi, nimeusikia mstari huo. Usome hadi mwisho wake, pale mwenye haki anapofadhili na kukirimu. Huyu mama alikuwa na jumuiya ya kaya kumi na tisa zinazokutana kila Jumamosi asubuhi, na usiku ule mtoto amevunjika mkono, ilikuwa rahisi zaidi kwake kukopa kwa mtu asiyemjua kuliko kutugongea. Hilo limeniuma kuliko riba.

Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nimewahi kuuza cherehani kimyakimya ili jumuiya isijue nimekwama. Kwa hiyo namwelewa.

Jana nimewapigia wale wawili niliowarushia picha. Mmoja alikuwa ameshaifuta, akanyamaza kidogo, akauliza anatakiwa kuchangia shilingi ngapi. Wa pili hajapokea. Nitampigia tena jioni.