Kunde na mafuta ya karanga
Watu wa Masasi, kunde zenu bado zinabunguliwa? Zangu nimezipaka mafuta ya karanga, kijiko kimoja cha chai kwa kilo, nikazichanganya kwa mikono mpaka kila punje ikang'aa, ndipo nikazifunga kwenye ndoo. Fukusi jike, yule mdudu anayebungua kunde, hutaga mayai juu ya ganda. Mafuta yakiyafunika, mayai hayo yanakosa hewa na kufa. Sharti uwahi, tena kunde ziwe zimekauka barabara. Funza wa fukusi akishatoka kwenye yai, akatoboa na kuingia ndani, umechelewa. Mama mkwe alinicheka, eti nakaanga kunde bila moto. Siku hizi yeye ndiye wa kwanza kuja kuchota! Za mbegu sijazipaka, maana mafuta yakizidi huweza kupunguza uotaji. Hizo nimechanganya na majivu.