Kumbukumbu ya mradi wangu: njia ya manjano katika ngome ya Green Lanes

Wiki ya 1. Mradi wangu wa majira haya ni mmoja tu, nao ni kukwea njia ya daraja la 6a, yaani ya ugumu wa wastani, nikiongoza kamba mwenyewe, bila kuanguka na bila kuketi kwenye kamba ili kupumzika. Njia hiyo ina vishikio vya manjano na iko katika kituo cha kukwea kuta cha The Castle, Green Lanes, kaskazini mwa London. Anayeongoza hakuti kamba imekwisha kuning'inizwa juu. Huanza nayo chini, akiwa ameifunga kwa fundo la nane kwenye mkanda wa kiunoni, kisha huipachika katika vibano vya ukutani kimoja baada ya kingine kadiri anavyopanda. Akiteleza, huanguka mara mbili ya umbali uliopo kati yake na kibano cha mwisho, tena na zaidi kidogo kwa sababu kamba hunyumbuka. Leo nimefika kibano cha nne, mikono ikakakamaa, nikaomba nishushwe.

Wiki ya 2. Mvua imenyesha tangu asubuhi, nami nilifika mapema nikalizunguka jengo kwa nje kabla ya kuvaa viatu vya kukwelea. Mgeni angeapa kwamba hapa aliishi mfalme, kwa kuwa kuna minara na kuta zenye meno juu yake kama ngome ya Uskoti. Kumbe ni kituo cha kusukuma maji, kilichojengwa katika miaka ya 1850 na kampuni ya New River chini ya mhandisi William Chadwell Mylne. Kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu ya watu jijini, na sheria ya mwaka 1852 ikazilazimu kampuni kuchuja maji ya kunywa ya wakazi. Mnara mrefu kuliko yote ulikuwa dohani ya moshi wa injini za mvuke, na mwingine ulificha ngazi ya kuzunguka hadi paani. Zile nguzo nene zinazoegemea kuta za nje, ambazo mimi nilidhani ni urembo, zilijengwa hivyo ili magurudumu mazito ya injini yapate nafasi ya kuzunguka. Kituo kilipoacha kazi katika miaka ya 1970, nusura kibomolewe. Wakazi wa mtaa walikitetea, na tangu mwaka 1995 kimekuwa mahali pa kukwea. Nakiri kwamba siku hiyo nilitazama matofali kuliko nilivyokwea.

Wiki ya 4. Nimeanguka mara tatu mahali pamoja, baada ya kibano cha sita, pale ukuta unapoinama kuelekea kwa mkweaji na kishikio cha kushoto kikawa hakitoshi zaidi ya vidole viwili. Mwenzangu anayenishikia kamba, mama wa Mombasa aliyeanza mchezo huu akiwa na miaka hamsini, aliniambia baada ya kunishusha: "Mwanangu, unajivuta kama mtu atekaye maji kisimani. Hebu simama!" Maneno yake yalinirudisha Pangani, kwa wakwezi wa minazi niliowatazama nikiwa mtoto. Mkwezi hutia kitanzi cha kamba miguuni, akakaza nyayo kwenye shina, akanyoosha magoti. Mikono kazi yake ni kumzuia tu asiende nyuma. Nimetumia jioni nzima kwenye njia nyepesi za daraja la 4, nikijilazimisha kuutazama mguu hadi utulie ndipo niinue mkono. Ni zoezi la kuchosha akili, na watoto wa miaka minane walinipita pande zote mbili.

Wiki ya 5. Kidole cha pete kimevimba. Sikukwea.

Wiki ya 6. Nimepita kibano cha sita kwa mara ya kwanza! Nilipandisha mguu wa kulia hadi karibu na nyonga, nikaugeuza mwili ubavu ukutani, na kile kishikio cha vidole viwili kikanitosha. Niliangukia cha nane kwa woga tu, kwa kuwa nilivuta kamba nyingi kabla sijatulia, ikaniponyoka mkononi. Baadaye nikaambiwa kwamba ukuta huo utavuliwa vishikio vyote Jumatatu, kwani watunzi wa njia hubadilisha kila sehemu kwa zamu.

Wiki ya 7, Jumapili. Majaribio mawili. La kwanza liliishia kibano cha saba. La pili lilinifikisha juu kabisa, lakini niliketi kwenye kamba mara moja, pengine kwa sekunde kumi, chini ya kishikio cha mwisho. Mwenzangu alishangilia na kusema nihesabu. Nimeandika daftarini: haijahesabiwa.

Jumatano. Ukuta uleule sasa una njia ya kijani, nayo ni 6a vilevile. Kibano cha sita kipo palepale, ila kishikio kimehamia kulia. Leo nimefika cha tano.